Maziwa ya Mgonjwa na Ng'ombe wa Nyumba

Ndoa hufungwa aghalabu siku ambayo wote wawili wana nguvu. Ahadi ya kutunzana katika maradhi hutolewa na mwenye afya kwa mwenye afya, na kwa sababu hiyo wengi huitoa bila ya kuuliza bei yake. Bei hujulikana baadaye, mara nyingi katika uzee, wakati mmoja anapolala asiweze kuinuka, na mwenziwe akabaki na kazi mbili mikononi: kumtunza aliyelala, na kuitunza nyumba isilale pamoja naye. Hapo huzaliwa swali zito la adili. Je, ni haki mume au mke mwenye afya kuizuia sehemu ya mali ya nyumba isitumiwe katika uuguzi wa mwenziwe? Au kila kinachozuiwa ni wizi anaofanyiwa mtu asiyeweza kujitetea?

Katika nchi tajiri swali hili huulizwa mbele ya karani. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hupelekwa katika nyumba ya uuguzi, na ankara huja kila mwezi mpaka siku ya mwisho. Katika Murungu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo na Kasulu, ankara ya namna hiyo haiji, kwa kuwa kimila nyumba ya uuguzi ni nyumba ile ile ya ndoa. Serikali ya Tanzania ina makazi ya wazee, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, ya Bukumbi katika mkoa wa Mwanza na ya Kolandoto katika mkoa wa Shinyanga; lakini makazi hayo ni kimbilio la wazee wasio na jamaa wa kuwaangalia. Mzee mwenye mke huhesabiwa kuwa anaye wa kumwangalia. Mke huyo ndiye kitanda chake, mpishi wake, mwoshaji wake na mlinzi wake wa usiku. Hata anapolazwa hospitali, ni jamaa wanaomletea chakula na kumfulia nguo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mahali pasipo na ankara hapana gharama. Gharama ipo, ila hulipwa kwa siku za jembe.

Chukua mfano wa nyumba moja, si kwa kuwa ilikuwako, bali kwa kuwa nyingi hufanana nayo. Mume amepita miaka 60, mke anakaribia. Wana shamba la mihogo na maharage, migomba nyuma ya nyumba, mbuzi watatu, na ng'ombe mmoja mwenye ndama. Mvua za mwezi wa Kumi zimekwisha kuanza, na watu wako mashambani, mume anapoanguka kwa kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa, na maneno hayatoki vyema. Hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha Maweni mjini Kigoma. Mbuzi wawili huenda kwa nauli na dawa. Mbuzi wa tatu hufuata. Maharage yaliyowekwa kwa mbegu huuzwa ili kulipa deni la duka. Baada ya wiki kadhaa mume hurudishwa nyumbani akiwa hai, lakini hawezi kusimama wala kujilisha.

Ndipo jamaa hukutana. Ndugu wa mume husema auzwe ng'ombe, na kama haitoshi iuzwe sehemu ya shamba, ili mgonjwa apelekwe Bugando, Mwanza. Humwambia mke wa nduguye: "Shemeji, ng'ombe hununuliwa, kaka hanunuliwi." Maneno hayo ni mazuri, na hapana anayethubutu kuyapinga mbele ya watu. Mke hunyamaza kitambo, halafu huuliza: "Na akirudi, shemeji, atakunywa nini?" Baadhi ya waliohudhuria humwona mke huyu kuwa mwenye moyo mgumu. Kabla ya kumhukumu yafaa kuzipima hoja zote mbili.

Hoja ya ndugu ina msingi imara. Mali iliwekwa kwa ajili ya watu, watu hawakuwekwa kwa ajili ya mali. Shamba hilo mume alilifyeka kwa nguvu zake. Kama sasa nguvu zimemwacha, kuna mwenye haki zaidi yake ya kula jasho lake? Tena maradhi ni siku ambayo akiba ilingojewa. Mtu anayeweka akiba miaka 40 halafu akazuiliwa siku ya haja, hakuweka akiba bali alinyang'anywa polepole. Hoja hii huzidi nguvu inapokumbukwa jinsi wanyonge wanavyoweza kutupwa. Katika kila nchi wamekuwako wazee waliofichwa katika vyumba vya nyuma huku watoto wao wakipima mipaka ya mashamba. Anayesema mali ilindwe hana budi kujiuliza ailinde kwa ajili ya nani.

Hoja ya mke nayo haikusimama juu ya mchanga. Nyumba si mtu mmoja. Ndani yake wamo mke mwenyewe, na pengine wajukuu walioachwa, na yumo mgonjwa pia, ambaye kesho atataka uji kama alivyoutaka leo. Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji, yaani uji hutengenezwa na kuletwa bila ya kusubiri aombe. Lakini methali hiyo ina sharti isilolitaja: uwe umo unga ndani ya nyumba. Nyumba iliyouza mbegu, ng'ombe na shamba itakuwa imetoa ushahidi mkubwa wa upendo mbele ya watu, kisha itashindwa kutoa kikombe cha uji kisichoonwa na mtu.

Ugomvi wa hoja hizi mbili hauishi kwa sababu watu huchanganya mambo mawili chini ya jina moja la matibabu. Kuna tiba, na kuna uuguzi. Tiba ina mwisho: mfupa uliovunjika huungwa, jicho lenye mtoto wa jicho hupasuliwa, kidonda husafishwa na kufungwa. Tiba hutaka fedha nyingi kwa mara moja, na ikifaulu humrudisha mtu kazini, au walau humrudisha katika kujitegemea. Uuguzi hauna mwisho unaojulikana. Hutaka kidogo leo, kidogo kesho, na kidogo kila siku kwa muda ambao hapana mtu aujuaye. Kitu chenye mwisho kinaweza kulipwa kwa kuuza. Kitu kisicho na mwisho kinaweza kulipwa kwa pato tu. Anayeuza shamba ili mkewe apasuliwe jicho na aone tena, amebadilisha mali kwa nuru, wala halaumiki. Anayeuza shamba ili kupata sabuni, maziwa na nauli za mwaka mmoja, mwaka wa pili atakuwa na mgonjwa yule yule na hatakuwa na shamba.

Tofauti hii si ngeni katika nchi ya Waha. Zamani, katika Heru, Muhambwe na Buyungu, kulikuwa na mapatano ya ng'ombe yaliyoitwa ubugabire. Mwenye ng'ombe wengi alimpa asiye naye, na aliyepewa akawa chini ya himaya yake na kumtumikia. Aliyepokea alikunywa maziwa na kutia samadi shambani mwake, lakini hakuwa na ruhusa ya kumfanya ng'ombe kama apendavyo. Mapatano hayo yalikuwa na udhalimu wake, maana yaliweka bwana na mtumishi, na hayafai kutamaniwa tena. Walakini yaliwafundisha watu kutenga vitu viwili ambavyo mwenye njaa huviona kimoja: ng'ombe na maziwa yake. Mume na mke katika ndoa yao nao hukaa na mali kwa namna hiyo, ila hapana bwana juu yao. Nyumba yenyewe ndiyo iliyowapa. Maziwa ni ya mwenye haja kuliko wote, na katika nyumba yenye mgonjwa, mwenye haja kuliko wote ni mgonjwa. Ng'ombe ni wa nyumba nzima, na mgonjwa ni mmoja wa wanyumba.

Hapa ndipo kanuni huonekana. Katika kumwuguza mwenzi, matunda yote ya mali yatolewe kwanza kwa mgonjwa, wala asipunjwe. Lakini shina lisikatwe kwa ajili ya uuguzi. Shina laweza kukatwa kwa ajili ya tiba tu, na hilo kwa tiba ambayo waganga wenye elimu wanasema ina tumaini la kweli. Kulihifadhi shina si kumnyima mgonjwa, maana pasipo shina hapana tunda, na mgonjwa ndiye wa kwanza kukosa.

Itasemwa kwamba mpaka wa tiba na uuguzi hauonekani daima. Ni kweli. Mwenye kiharusi hupata nafuu katika miezi ya kwanza akizoezwa viungo vyake, na huenda safari moja ya hospitali kubwa ikawa ya haki kabisa, ili ijulikane ni nini kilichotokea na ni dawa gani zitakazozuia kiharusi cha pili. Safari ya pili na ya tatu, zisizofuata ushauri wa mganga bali zinazofuata hofu ya kusemwa na majirani, ni jambo jingine. Wako pia wauza dawa wanaoahidi kumsimamisha aliyepooza kwa siku saba. Hao hupenda zaidi nyumba iliyobakiwa na ng'ombe mmoja, kwa kuwa wanajua kwamba mwenye huzuni huwa mwepesi kutoa. Pale mpaka usipoonekana, mtu hana budi kumwuliza mganga swali lililo wazi: fedha hizi zitaleta badiliko gani? Jibu likiwa kwamba hazitaleta badiliko, hakuna adili inayoamuru nyumba iangamizwe ili ionekane kwamba imefanya kitu.

Sheria ya nchi inaafikiana na kanuni hii kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 63, inamwajibisha mume kumpatia mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Na inamwajibisha mke mwenye uwezo kumtunza mumewe vivyo hivyo, ikiwa ajali au maradhi ya mwili au ya akili yamemzuia kujipatia riziki. Yafaa kulipima neno hilo uwezo. Sheria haikusema mtu atoe mpaka asiwe na uwezo. Imeufanya uwezo kuwa kipimo cha wajibu, na kipimo kikivunjwa wajibu nao hauwezi kupimwa tena. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Kwa hiyo ndugu wa mume, hata awe na uchungu wa namna gani, si yeye mwenye neno la mwisho juu ya paa la mke wa nduguye.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa njia chungu. Mpango wa serikali uitwao Medicaid huwalipia maskini nyumba za uuguzi, lakini zamani mume au mke aliyebaki nyumbani angeweza kufilisika karibu kabisa kabla mwenziwe hajahesabiwa kuwa maskini wa kutosha kusaidiwa. Mwaka 1988 bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kumwachia aliyebaki nyumbani sehemu ya pato na ya akiba, ili maradhi ya mmoja yasizae ufukara wa wawili. Taifa lenye utajiri kama huo lilipoona kwamba lazima pawepo kiasi kisichoguswa, hakuna sababu mkulima wa Murungu aone haya kusema neno lile lile juu ya ng'ombe wake.

Bado liko jambo ambalo sheria huligusa kwa mbali tu, nalo ni kazi ya yule anayeuguza. Jamaa wanapohesabu gharama, huhesabu mbuzi na nauli. Hawahesabu asubuhi ambazo mke hakwenda shambani. Katika nyanda za juu za Kigoma maharage hupandwa mvua zinapoanza, na tena katika mwezi wa Pili na wa Tatu. Anayekosa majuma hayo hakukosa siku chache, amekosa msimu. Hili lilijulikana tangu siku za manamba, wakati vijana wa Buha walipokwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, wakawaacha wake zao na jembe. Nyumba zilizoendelea kusimama zilisimama kwa mikono ya wanawake hao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kama kupika na kufagia ni mchango, basi kumgeuza mgonjwa kila usiku ili asipate vidonda ni mchango zaidi. Anayesema mke amezuia ng'ombe, kwanza aandike katika hesabu yale ambayo mke amekwisha kutoa.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa jamaa wanaompenda mgonjwa si kudai ng'ombe auzwe. Ni kuchukua jembe. Siku mbili za palizi katika shamba la aliyelala zina faida kwake kuliko maneno mengi ya huruma, na usiku mmoja ambao shemeji anakesha ili mke apate usingizi ni fedha isiyotoka sandukuni. Mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja hauuguzi mzee. Ukoo unaotaka sauti katika mali ya nyumba iliyopatwa ununue sauti hiyo kwa kazi.

Hata hivyo kanuni nzuri yaweza kuvaliwa na mtu mbaya kama joho. Mwenye choyo naye husema anahifadhi shina. Ziko alama za kumtambua. Alama ya kwanza ni chungu: kama walinzi wa mali wanakula mboga nzuri na mgonjwa anakula makombo, hapo hakuna kilichohifadhiwa kwa ajili ya nyumba. Alama ya pili ni kugeuza mambo: mume anayetaka shamba lisiguswe mkewe anapougua, angekubali lisiguswe kama angeugua yeye? Wako waume ambao mke akianguka humrudisha kwa wazazi wake, au huoa mwingine na kumwachia wa kwanza chumba na kimya. Nao hao wangeona ni laana mke kufanya nusu ya hayo. Kanuni isiyostahimili kugeuzwa ni hila. Alama ya tatu ni siri. Jambo la haki juu ya mgonjwa laweza kusemwa mbele yake. Linalonong'onwa nyuma ya nyumba lina walakini.

Alama hii ya tatu ni kubwa kuliko zote. Aliyepooza ulimi hakupooza haki. Katika mikutano mingi ya jamaa, mgonjwa huzungumzwa kama mzigo unaotafutiwa mbebaji, naye yuko ukumbini anasikia kila neno. Huenda yeye mwenyewe ndiye ambaye angesema ng'ombe asiuzwe, kwa kuwa alimlea na anajua wajukuu watakunywa nini. Huenda angesema auzwe. Kwa vyovyote, mtu aliyejenga nyumba hiyo hawezi kuondolewa katika shauri lake kwa sababu tu anajibu polepole, au kwa kuubana mkono wa aliye karibu. Na ingefaa zaidi watu wawili waliooana wazungumze mambo hayo kabla ya siku yenyewe, wangali na nguvu: kipi kiuzwe, kipi kisiuzwe, na mpaka wapi. Wengi huogopa wakidhani ni kuita msiba. Lakini aliyekwisha kusema neno lake angali mzima, humpunguzia mwenziwe mzigo wa kulikisia.

Serikali nayo ina fungu lake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo ni hatua za kusifiwa, maana kila tiba inayolipiwa na umma ni shina moja lisilokatwa. Lakini bima hulipia kazi ya zahanati na hospitali. Haimlipi mke aliyekesha. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo zilikuwa kidogo, lakini zina tabia ile ile ya maziwa: huja tena. Uuguzi usio na mwisho husaidiwa na kitu kinachorudi kila mwezi, hata kiwe haba, kuliko mchango mkubwa unaokuja mara moja na makofi.

Mke wa mfano wetu, basi, hakuwa na moyo mgumu. Aliuliza swali ambalo upendo wenye miaka mingi mbele yake hauna budi kuliuliza. Kama atawapa maziwa wote kwa haki akianza na mumewe, kama atasema mbele ya mume huyo sababu ya kumbakiza ng'ombe, na kama angekubali atendewe hivyo hivyo siku yake, atakuwa ameitimiza ahadi ya ndoa kwa ukamilifu. Na shemeji yake, ikiwa kweli kaka hanunuliwi, atafika kesho alfajiri na jembe begani, kwa kuwa mvua hazingoji na maharage bado hayajapandwa.